Unataka kununua kamera? Kabla ya kutaja jina la kamera, taja kazi utakayoifanya (uzi)

#1 Picha na Mwanga (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu.

Karibu kila wiki napata ujumbe wa namna hii: "Kaka, nina kiasi fulani, nichukue kamera gani?" Anayeuliza hasemi anataka kupiga nini, wapi, saa ngapi, wala picha hizo zitaishia wapi. Nimejibu mmoja mmoja hadi nimeona bora nifungue uzi tujadili pamoja.

Mimi ni mpiga picha wa Morogoro. Napiga harusi, sendofu, komunyo, vipaimara, mahafali na misiba, mwaka wa 11 sasa.

Naanza na kosa lililonifundisha. Mwaka wa pili wa kazi hii nilikopa kikundini, nikanunua bodi (kamera bila lenzi) yenye sensa kubwa, ile ya milimita 36 kwa 24. Sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga. Hela ikaishia hapo. Nikafunga lenzi ya zamani niliyokuwa nayo, ambayo ukivuta karibu, tundu lake haliendi zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga unaingia mwingi). Jumamosi iliyofuata nikaingia kanisani, ndoa ya jioni, taa chache za juu, na madirisha yameshaanza kuingia giza. ISO, yaani jinsi kamera inavyokuza mwanga hafifu, ikapanda hadi 12800. Picha za kuvishana pete zikatoka na chenga, na ile moja ambayo bibi harusi alicheka kwa moyo wake wote ikawa imetikisika. Upande wa bwana harusi kulikuwa na kijana mwenye Canon 600D, bodi ndogo ya zamani, na lenzi moja tu ya 50mm f/1.8 (mm ikiwa kubwa, lenzi inavuta karibu zaidi). Picha zake zilikuwa safi. Familia ilichapisha za kwake ukutani.

Usiku ule nilikaa na kalamu. Kutoka f/5.6 kwenda f/1.8, mwanga unaoingia unaongezeka karibu mara 10 (gawa 5.6 kwa 1.8, jibu lizidishe kwa lenyewe). Sasa pima sensa. Yangu ilikuwa na eneo la milimita za mraba 864. Yake, 22.3 kwa 14.9, ni kama 332. Sensa yangu ilikuwa kubwa kuliko yake mara 2.6. Yeye amepata mara 10, mimi nimepata mara 2.6. Nilikuwa nimelipa mara kadhaa zaidi yake, na bado alinizidi mwanga karibu mara nne.

Toka siku hiyo nina msimamo mmoja na sijauacha: hela ya kwanza iende kwenye lenzi na taa, inayobaki ndiyo inunue bodi. Bodi hupitwa na wakati. Lenzi nzuri niliyonunua mwaka uliofuata bado inafanya kazi leo, imeshabadilisha bodi tatu.

Kwa hiyo ukija hapa kuuliza, tuambie unapiga nini, kama kitu hicho kinatembea au kimetulia, utasimama mbali kiasi gani, mwanga utakuwa wa jua au wa taa za ukumbini, na mwisho wa picha ni wapi. Hilo la mwisho watu hulipuuza sana, na ndilo linalookoa hela. Ukurasa wa A4 ukichapishwa vizuri, kwa nukta 300 kila inchi, unahitaji pikseli 2480 kwa 3508, yaani megapikseli 8.7 tu. Kamera ya megapikseli 18 inachapisha karibu A3 kwa ubora uleule. Anayekuuzia kamera kwa sifa ya megapikseli peke yake anakuuzia kitu ambacho mteja wako hatakiona, hasa kama picha zote zinaishia WhatsApp, ambako zinabanwa kabla hazijafika.

Jambo jingine ni kwamba ukinunua kamera umeoa ukoo wa lenzi zake. Lenzi za Canon EF zilianza mwaka 1987 na ziko tele kwenye mitumba. Nikon mdomo wao (pale lenzi inapofungwa) wa F ni wa mwaka 1959. Hizo kamera mpya zisizo na kioo cha ndani zina midomo mingine kabisa: Canon RF na Nikon Z zilianza 2018, Sony E ilianza 2010. Kabla ya kulipia bodi, uliza lenzi ya pili utakayoitaka inapatikana kwa shilingi ngapi mjini kwako, na kama kuna mwenzako mwenye ukoo huohuo wa kukuazima siku yako ikiharibika. Mimi nimewahi kuokolewa na lenzi ya kuazima asubuhi ya harusi.

Karibuni.

#2 Kijana wa Iringa

Mkuu shikamoo, na ahsante kwa uzi. Mimi ndiye mmoja wa hao wasiosema kazi yao, sasa nasema. Nina milioni moja na nusu. Nataka nianze kupiga harusi na sherehe. Ya kwanza ni ya binamu yangu, ibada kanisani saa tisa mchana, halafu ukumbini usiku. Nilikuwa Kariakoo wiki iliyopita, winga (dalali) akanipeleka duka moja wakanionyesha Canon 4000D mpya ya boksi, lenzi mbili, 18-55 na 75-300, begi, stendi na memori kadi, vyote kwa pamoja. Niichukue?

#3 Picha na Mwanga

Marahaba. Umeuliza vizuri sana, ndivyo inavyotakiwa.

Usiichukue. Sisemi ni kamera mbaya kwa kila mtu. Ilitoka 2018 ikiwa ya bei ya chini kabisa, na ili bei ishuke, vitu vingi viliondolewa: pete ya kufungia lenzi ni ya plastiki badala ya chuma, na tundu la maiki hakuna. Kwa mtu wa kupiga familia yake mchana, itamfaa. Kwako wewe unayeingia ukumbini usiku, zile lenzi mbili ndizo zitakazokuangusha. 18-55 ukiivuta inaishia f/5.6. Ile 75-300 inaishia f/5.6 vilevile na haina kizuizi cha kutikisika, kwa hiyo ndani ya ukumbi ni mzigo wa begi tu. Begi na stendi wamekupa ili uone vitu vingi mezani.

Kwa hela yako ningetafuta bodi iliyotumika: 700D, 200D, au ukibahatika 80D. Zote tatu zina tundu la maiki. 200D na 80D zina fokasi ya kisasa zaidi unapopiga video kwa kutazama kioo cha nyuma, na 80D ina betri ya LP-E6, ukoo wa betri ulioanza na 5D Mark II mwaka 2008, hivyo kuipata si kazi. Betri moja ya 80D inapimwa picha 960 ukichungulia kwenye kitundu. Hiyo ni harusi nzima.

Angalia jina chini ya kamera. Kamera moja huitwa majina matatu kulingana na soko lilikouzwa kwanza. 700D ni ileile Rebel T5i ya Marekani na Kiss X7i ya Japani. 200D ni Rebel SL2 na Kiss X9. Nimeona watu wakipandishiwa bei kwa jina wasilolijua, na wengine wakikataa kamera nzuri wakidhani ni feki. Kwa Sony, ile iliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani huwa na menyu ya Kijapani pekee, usilipe kabla hujaiwasha ukasoma menyu.

Halafu lenzi. Anza na 50mm f/1.8. Lakini sikiliza hapa, maana wengi huinunua kisha wanalalamika. Kwenye sensa ndogo lenzi hiyo inabana. Mtu mzima mmoja, kichwa hadi miguu, unahitaji kusimama zaidi ya mita 4. Kundi la ndugu waliojipanga kwa upana wa mita 5 linakutaka urudi nyuma mita 11, na nyuma yako kuna meza ya keki. Kwa makundi utatumia 18-55 kwenye 18, mita 4 zinatosha, na hapo ndipo flashi inapoingia.

Flashi, ile ya kufunga juu ya kamera inayogeuza kichwa. Igeuze ipige dari nyeupe, mwanga urudi laini. Ukumbi ukiwa umefunikwa vitambaa vya zambarau, nyuso zitakuwa za zambarau, kwa hiyo hapo igeuzie ukuta mweupe au funga kikinga cheupe uipige mbele moja kwa moja kwa nguvu ndogo. Fika saa moja kabla ya wageni uangalie dari. Hakuna kamera ya bei yoyote itakayokusaidia kama hujui dari ni ya rangi gani.

Bodi isizidi nusu ya hela yako. Nusu ya pili: lenzi ya 50, flashi, betri ya akiba, memori kadi mbili. Harusi hairudiwi, usiende na kadi moja.

#4 Mama Vitenge

Mimi nauza vitenge na magauni ya kushona kwa mtandao. Kuna mtu kaniambia bila kamera kubwa wateja hawatanunua. Nina simu nzuri ya mwaka juzi. Naomba ushauri wa kweli, hela ninayo lakini ni mtaji.

#5 Picha na Mwanga

Dada, usinunue kamera. Mtaji wako uache ununue vitenge.

Instagram inaonyesha picha yako kwa upana wa pikseli 1080. Ukiijaza yote kwa wima ni 1080 kwa 1440, megapikseli moja na nusu hivi. Simu yako inazidi hapo mara nyingi. Unachokosa ni mwanga wa kutulia. Weka meza au mwanasesere wa nguo pembeni ya dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, asubuhi. Upande wa pili simamisha ubao mweupe au shuka jeupe lirudishe mwanga kwenye kivuli. Zima taa za ndani, maana taa ya njano ikichanganyika na mwanga wa dirisha, rangi ya kitenge inadanganya, na mteja akipokea bluu wakati aliona kijani atakurudishia. Rudi nyuma kidogo halafu uvute mara mbili kwa lenzi ya pili ya simu kama unayo, nguo haitapinda kingo. Mwisho futa kioo cha kamera ya simu kwa kitambaa safi, kina mafuta ya vidole siku nzima.

#6 Dereva wa Nyika

Wakuu, mimi napingana kidogo na mleta uzi. Nipo Arusha, naendesha watalii Serengeti, Tarangire na Ngorongoro. Kule hayo ya f/1.8 hayanisaidii chochote. Jua lipo la kumwaga, ila chui yuko juu ya mti mita 80 na hairuhusiwi kuacha njia ukamfuata. Shida yetu ni umbali.

Nimebeba wageni wenye lenzi nzito za bei ya gari dogo. Pia nimebeba mama mmoja mzee mwenye Nikon P900, kamera ya lenzi isiyotoka, inayovuta mara 83, kama lenzi ya 2000mm. Mchana mwanga ukiwa mzuri alipata picha za duma ambazo mwenzake mwenye kamera ya sensa kubwa na lenzi ya 105 hakuzipata kabisa. Jioni ikabadilika, sensa yake ni ndogo mno, picha zikawa kama zimechorwa kwa rangi ya maji. Lakini wanyama wengi walipatikana asubuhi.

Anayetaka ndege na wanyama kwa lenzi za kubadilisha, sensa ndogo ndiyo rafiki. Lenzi ya 400mm kwenye Nikon ya APS-C (hiyo sensa ndogo) inaona kama 600mm. Sigma na Tamron wote wana 150-600 inayopatikana mtumba. Na stendi ya miguu mitatu ndani ya gari haina nafasi. Tunatumia mfuko wa kitambaa uliojazwa maharage au mchele, unaulaza juu ya ukingo wa paa lililofunguliwa, lenzi inalala hapo. Naomba abiria waniambie nizime injini kabla hawajapiga, mtetemo wa dizeli unaharibu picha kuliko upepo.

Vumbi sasa. Usibadilishe lenzi ndani ya gari linalotembea. Kama una mbili na bodi moja, chagua asubuhi ubaki nayo.

#7 Picha na Mwanga

Hupingani nami kaka, umeongeza. Ndiyo maana naomba mtu ataje kazi kwanza. Hilo la kuzima injini ninalihifadhi.

#8 Bint Tanga

Assalaam alaikum na habari kwa wote. Naomba niwaambie watu wa pwani jambo ambalo wa bara hawalioni sana: fangasi.

Mimi nimepoteza lenzi mbili. Niliziweka kabatini ndani ya begi lao, nimezifungia vizuri, nikajua nimezitunza. Baada ya masika nikazitoa, ndani ya kioo kuna nyuzi kama utando wa buibui. Fundi alizifungua akasafisha, lakini fangasi wakikaa muda mrefu wanakula ile rangi laini iliyopakwa kwenye kioo, na alama haitoki tena. Ukipiga ukielekea jua au taa, picha inakuwa na ukungu mweupe.

Begi la kamera si mahali pa kuhifadhia. Lile ni la safari. Lina sponji, linanyonya unyevu na kuukumbatia. Sasa natumia ndoo ya plastiki ya chakula yenye mfuniko unaobana, ndani pakiti za silika jeli na kipima unyevu kidogo. Nalenga asilimia 40 hadi 50. Ikipanda kuelekea 60 nazitoa silika nazikausha kwenye kikaango kwa moto mdogo hadi zirudi rangi yake. Msitumie mchele mkavu kama wengine wanavyosema, unga wake unaingia kwenye pete za lenzi.

Jambo la pili kwa sisi wa Tanga, Dar, Mombasa na Unguja: ukitoka ukumbi wenye kiyoyozi kwenda nje kwenye joto, kioo kinatoka jasho palepale. Iache kamera ndani ya begi lililofungwa zipu, nusu saa hivi, ipate joto polepole. Ndivyo ninavyofanya bwana harusi akitoka nje, nina kamera ya pili iliyokuwa ikisubiri kwenye gari.

Na swali langu kwa mleta uzi. Naambiwa kamera ya kampuni fulani "inaipenda" ngozi nyeusi na nyingine haiipendi. Ni kweli? Nikipiga bi harusi wa kwetu mwenye shela jeupe, uso unakuwa giza.

#9 Picha na Mwanga

Wa alaikum salaam dada. Hilo la ndoo ya chakula kila mtu wa pwani alisome mara mbili.

Swali lako ni zito kwangu na sitalipitia haraka. Filamu za zamani zilipimwa rangi kwa kadi ya picha ya mwanamke mweupe. Maabara walikuwa wakiziita kadi za Shirley, zilitoka Kodak, na mashine ya kusafisha picha ilirekebishwa mpaka ngozi ya yule mwanamke ionekane sawa. Ngozi yetu haikuwa kwenye kipimo. Kwa hiyo bibi zetu waliposema "picha imenifanya makaa", hawakuwa wanalalamikia sura zao. Kipimo chenyewe kilikuwa hakiwajui.

Kwenye kamera za sasa tatizo lako ni jingine, na linatibika leo hii bila kununua kitu. Kipima mwanga cha kamera hudhani kwamba unachokitazama, ukichanganya vyote, ni kijivu cha kati, asilimia 18. Ukimwekea shela jeupe linalojaza fremu, kinaona mwanga umezidi, kinapunguza, shela linakuwa la kijivu na uso unazama. Ukimwekea bwana harusi wa suti nyeusi mbele ya pazia jeusi, kinaongeza hadi paji la uso linang'aa jeupe. Kanzu nyeupe ni hivyohivyo na shela. Pima kwenye uso peke yake, kwa kipimo cha nukta, au sogeza kile kitufe cha jumlisha na toa, weka +1 kwa shela kisha utazame. Ila kabla hujapiga harusi nzima angalia kama lesi za shela bado zinaonekana, maana nyeupe ikishapotea hairudi.

Piga kwa RAW (faili ghafi la kamera) kama unahariri. Hapo ndipo kuna ukweli kidogo katika hayo unayoambiwa. Kwa bodi za zamani, Nikon kama D5300 na D750 zinavumilia kuinuliwa kivuli kuliko Canon za wakati wa 600D na 5D Mark II. Canon ukiinua sana, kivuli kinatoka na mistari. Kuanzia 80D walipunguza pengo hilo. Kwa hiyo ukichagua kati ya bodi mbili za mtumba za bei moja na kazi yako ni shela jeupe na ngozi nyeusi ndani ya fremu moja, hiyo ni sababu halali ya kuchagua. Jina la kampuni peke yake si sababu.

Tahadhari moja kwa wanaokwenda Nikon. D3000 zote na D5000 zote (yaani D3100 hadi D3500, D5100 hadi D5600) hazina mota ya fokasi ndani ya bodi. Lenzi za zamani zenye herufi AF-D zitafungika lakini utafokasi kwa mkono. Nunua AF-S; zile za AF-P hazifokasi kwenye bodi za zamani kama D3100 na D5100. 35mm f/1.8 ya DX (Nikon za sensa ndogo) ni ndugu yake na ile 50 ya Canon, na kwa vyumba vyetu vidogo mimi naipenda zaidi.

#10 Msafiri254

Salamu kutoka Nairobi. Mimi ni wa video, nina chaneli ya mapishi na pia narekodi ibada. Ndugu zangu, kabla ya 4K (video ya ubora wa juu) nunueni maiki. Mtazamaji atavumilia picha ya kawaida, lakini akisikia sauti ya mwangwi anafunga. Maiki ya kubana kwenye shati iliyo karibu na mdomo inashinda maiki ghali iliyo juu ya kamera mita tatu mbali.

Kingine, umeme wetu Kenya na Tanzania ni hertzi 50. Taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Wekeni kamera kwenye PAL (mpangilio wa video wa nchi za hertzi 50), fremu 25 kwa sekunde, na shata, yaani muda wa kupokea mwanga, 1/50. Kijana mmoja alinililia kwamba kamera yake mpya ni mbovu kwa sababu video ina mistari inayopanda. Ilikuwa imewekwa NTSC (mpangilio wa hertzi 60), fremu 30 na shata 1/60. Tulibadilisha, mistari ikaisha.

Kwa ibada ndefu, ulizeni kamera inarekodi muda gani bila kukata. Nyingi za zamani zinakata dakika 29 na sekunde 59, kwa sababu ya namna Ulaya ilivyokuwa ikitoza ushuru kamera za video. Na fanyeni hesabu ya kadi. 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inakula gigabaiti 45 kwa saa. Kadi ya 64 haifiki saa moja na nusu. Tafuteni alama ya V30 (kadi yenye kasi ya kutosha kwa video), na mkinunua ijaribuni kwa kuijaza yote kisha kusoma tena, kadi feki zipo nyingi zinazosema 128 huku ndani ni 8.

Mimi natumia Sony ZV-E10. Ni nyepesi na fokasi ya uso haipotei. Haina kitundu cha kuchungulia na haina kizuizi cha kutikisika ndani ya bodi, kwa hiyo ukitembea nayo bila kifaa cha kutuliza utaona. Jikoni iko juu ya stendi, sina shida.

#11 Mgeni wa Dodoma

Mleta uzi hujagusa hili: DSLR (zile zenye kioo cha ndani) au hizo mpya zisizo na kioo? Wengine wanasema DSLR zimekufa.

#12 Picha na Mwanga

Kampuni kubwa zimehamia huko, lenzi mpya zinatoka huko, hilo ni kweli. Ukiwa na hela ya kutosha bodi na lenzi mbili mpya, nenda huko. Fokasi ya macho ni msaada mkubwa sana mnapokuwa na f/1.8 na mtu anatembea kuelekea kwako. Lakini mwenye hela ndogo akinunua Canon R50 na lenzi yake ya boksi inayoishia f/6.3, amerudi palepale nilipokuwa mimi kanisani. Atapona akinunua na kiunganishi cha lenzi za EF, kisha 50 ya zamani ya mtumba juu yake. Betri pia, beba mbili au tatu, zinaisha haraka kwa sababu skrini inawaka muda wote.

Angalizo la ukumbini: shata ya kimya, ile ya kielektroniki, ikikutana na taa za LED inachora mistari kwenye picha. Rudi kwenye shata ya kawaida.

#13 Kijana wa Iringa

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Nilishuka Dar na laptopu na kadi yangu mwenyewe. Nilikuwa nimesoma pia kwamba Nikon huandika idadi ya milio ya shata (mara ngapi kamera imepiga) ndani ya picha yenyewe, Canon nyingi haziandiki, unahitaji programu na waya, nikaipakua kabla.

80D ya kwanza ilikuwa safi kwa nje. Nikaweka f/22 nikapiga ukuta mweupe, madoa mengi, hilo linasafishika. Nikamulika tochi ya simu nyuma ya lenzi ya 50 waliyokuwa wakiuza nayo, nikaona zile nyuzi alizosema Bint Tanga. Winga alisema ni vumbi. Nikashukuru nikaondoka, akanifuata hadi kituoni akishusha bei, sikurudi.

Duka la pili nimepata 200D, milio 31,000, pini za kadi zimenyooka, fokasi nimeijaribu kwa rula mezani na iko sawa. Nimechukua na 50mm f/1.8 STM, flashi, betri mbili na kadi mbili, na risiti ya EFD yenye namba ya kamera. Imebaki elfu sitini ya nauli na chakula. Jumamosi hii nimeomba kwa mchungaji niingie kanisani saa tisa, saa ileile ya ibada ya binamu, nijaribu. Niweke nini kwanza?

#14 Picha na Mwanga

Hongera sana mdogo wangu, umefanya kazi ambayo wengi hawaifanyi.

Weka f/2.2, siyo 1.8, upate nafasi ndogo ya kukosea fokasi. Shata 1/200 kwa kuwa watatembea, ISO ianze 800 upande ukihitaji. Nenda na mtu wa kusimama madhabahuni, na kama inawezekana avae kitu cheupe. Piga ukiwa umesimama pale mchungaji atakapokuruhusu kusimama siku yenyewe, usipige mahali unapopenda wewe. Halafu pima kwa hatua kutoka hapo hadi madhabahuni na uandike. Ikizidi mita 8, niambie kabla ya Jumatatu, nina 85mm f/1.8 inayolala ndani ya ndoo, naipakia kwenye basi la Iringa.